Makro za Vim: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuingiza na kufuta maandishi

Majibu haya yanahusu Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa vitufe vya kibodi, na karibu yote yanafaa pia kwa Neovim, programu iliyotokana nayo; penye tofauti tumesema. `<Esc>` ni kitufe cha Esc kilichobonyezwa mara moja, `<Enter>` vivyo hivyo, na `<C-a>` maana yake shikilia Ctrl kisha bonyeza `a`. Herufi kubwa na ndogo ni amri tofauti, kwa hiyo angalia Caps Lock kabla ya kulaumu makro.

## Mambo ya msingi

1. Makro ya Vim ni kitu gani hasa?

Ni mfuatano wa vitufe uliohifadhiwa kwenye rejista, yaani hifadhi ndogo ya Vim yenye jina la herufi moja. Hakuna lugha ya programu nyuma yake: ulichobonyeza ndicho kilichoandikwa, na kikiendeshwa Vim inafanya kana kwamba vidole vyako viko kwenye kibodi. Inakumbuka vidole tu, haijui ulikuwa unakusudia nini. Ukibonyeza `l` mara tano kufika kwenye bei, makro itasogea hatua tano kwenye kila mstari, bei iwepo au isiwepo. Matatizo mengi yaliyomo kwenye ukurasa huu yanaanzia hapo.

2. Narekodije, na naiendeshaje?

Ukiwa kwenye hali ya kawaida, ambamo vitufe ni amri (bonyeza `<Esc>` kama huna uhakika), andika `qa`. Chini ya skrini patatokea `recording @a`. Fanya kazi yako kwenye mstari mmoja, kisha bonyeza `q` kumaliza. Kuiendesha ni `@a`. Kurudia makro ya mwisho ni `@@`, na kuiendesha mara kumi ni `10@a`.

Kumbuka kutoka hali ya kuingiza, ambamo vitufe vinaandika maandishi, kabla ya kubonyeza `q` ya mwisho. Ukisahau, herufi q itaandikwa kwenye faili na rekodi itaendelea.

3. Nimebonyeza `q` kwa bahati mbaya na sasa mambo hayaeleweki. Nifanyeje?

Angalia chini ya skrini. Ukiona `recording`, bonyeza `<Esc>` kisha `q`, imekwisha. Ukiona dirisha dogo lenye orodha ya amri ulizowahi kuandika, umebonyeza `q:`. Andika `:q` na `<Enter>` litafungwa. Ukibonyeza `Q` kwenye Vim ya zamani unaingia hali ya Ex, ambayo unaitoka kwa kuandika `visual` na `<Enter>`. Kwenye Neovim `Q` inaendesha makro uliyorekodi mwisho, jambo linalowashtua sana wanaohamia huko.

4. Nitumie rejista ipi?

Herufi yoyote kuanzia `a` hadi `z`. Tarakimu 0 hadi 9 zinakubali kurekodiwa, lakini usizitumie: Vim yenyewe inaweka humo unachonakili na unachofuta, na makro yako itafunikwa mara utakaponakili mstari unaofuata. Vilevile, ukirekodi kwenye `a` usinakili kitu kwenye `a` hiyohiyo ndani ya makro (`"ayy`). Makro na maandishi yaliyonakiliwa vinalala kitanda kimoja, na wa mwisho kuingia humtoa mwenzake.

5. Ni lini makro haihitajiki?

Kama badiliko ni moja tu, tumia nukta (`.`), inayorudia badiliko la mwisho. `A,<Esc>` kisha `j.` `j.` inatosha kuongeza mkato mwisho wa mistari mitatu. Kama ni kubadilisha neno moja kwa jingine faili zima, `:%s/zamani/mpya/g` inakimaliza kwa mkupuo. Kama ni kuongeza maandishi yaleyale mwanzoni au mwishoni mwa mistari, teua mistari hiyo kwa `V` na andika `:normal A,`, inayobonyeza vitufe hivyo kwenye kila mstari (alama za `'<,'>` zitajitokeza zenyewe). Makro inaanza kulipa pale kazi inapokuwa na hatua tatu au nne zinazotegemeana: tafuta, futa, ruka, ingiza.

6. Kwa nini Vim ikifunguliwa inataja watoto wa Uganda?

Swali hili halihusu makro lakini haliishi. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim kwa mara ya kwanza mwaka 1991, alijitolea mwaka 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Aliporudi, aliifanya Vim kuwa programu ya bure inayomwomba mtumiaji akichangie kituo hicho. Moolenaar alifariki mwaka 2023. Maelezo yamo ndani ya programu: andika `:help iccf`.

## Kuingiza na kufuta

7. Nioneshe makro inayofuta na kuingiza kwa pamoja.

Tuseme una orodha ya bei iliyotoka kwenye programu ya hesabu:

```
unga;kilo;2200
mchele;kilo;3000
sukari;kilo;2900
```

Unataka isomeke hivi: `Unga - 2200/=`. Weka kishale popote kwenye mstari wa kwanza, kisha:

`qa` anza kurekodi.
`0` nenda mwanzo wa mstari.
`f;` ruka hadi nukta mkato ya kwanza.
`dt;` futa kuanzia hapo hadi kabla ya nukta mkato inayofuata. Kinachobaki ni `unga;2200`.
`s` futa herufi iliyo chini ya kishale (nukta mkato) na uingie hali ya kuingiza. Andika nafasi, kistari, nafasi, kisha `<Esc>`.
`0gUl` rudi mwanzo, fanya herufi ya kwanza iwe kubwa.
`A/=` na `<Esc>` ongeza alama ya shilingi mwishoni.
`j` shuka mstari.
`q` maliza.

Sasa `2@a` inamaliza mistari miwili iliyobaki. Ukiandika `:reg a` utaona kilichohifadhiwa: `0f;dt;s - ^[0gUlA/=^[j`. Hiyo `^[` ni Esc.

Angalia mambo mawili. Makro inaanza na `0`, kwa hiyo haijali kishale kiko wapi, na inaisha na `j`, kwa hiyo iko tayari kwa mstari unaofuata. Hakuna mahali ilipohesabu herufi: `mchele` una herufi sita na `unga` nne, lakini alama ya kushika ni nukta mkato, nayo ipo kwenye kila mstari.

8. Kwa nini kubadilisha herufi kubwa hakukuwekwa mwanzoni, wakati kishale tayari kiko pale?

Kwa sababu ya mstari utakaokataa. Jaribu kurekodi kwa mpangilio unaokuja haraka kichwani: `0~f;dt;...`. `~` inageuza herufi ndogo kuwa kubwa, na inaonekana fupi kuliko `gUl`. Kisha iendeshe kwa bahati mbaya kwenye mstari uliokwishafanyiwa kazi. `~` inageuza `U` kuwa `u`, `f;` inakosa nukta mkato, makro inasimama. Umebaki na `unga - 2200/=`, mstari ulioharibika nusu, na katika orodha ya mistari 400 hutauona.

Ukiweka `f;` kwanza, makro inakwama kabla haijagusa kitu. Kanuni yenyewe: hatua inayoweza kushindwa itangulie hatua inayobadilisha. Na penye amri mbili, chagua isiyoharibu ikirudiwa: `gUl` ikiendeshwa mara kumi herufi inabaki kubwa.

9. Amri zipi za kuingiza na kufuta zinafaa zaidi ndani ya makro?

Kwa kuingiza, `I` na `A` ni bora kuliko `i` na `a`, maana zinajipeleka zenyewe mwanzo na mwisho wa mstari. `o` na `O` zinafungua mstari mpya chini au juu bila kujali kishale kilipo.

Kwa kufuta, pendelea zinazotaja mpaka: `dt,` (hadi kabla ya mkato), `df,` (pamoja na mkato), `di(` (kilichomo kwenye mabano), `di"` (kilichomo kwenye alama za kunukuu), `D` (hadi mwisho wa mstari). `ci"` inafuta na kuingiza kwa hatua moja. Epuka `5x` na `3dw` isipokuwa data yako ina upana uleule mwanzo hadi mwisho.

Kuwa macho na `w`. Maneno yakiisha kwenye mstari, `w` inaendelea mstari wa chini bila kulalamika, na kufuta kunafanyika mahali usipotarajia. `f` na `t` hazivuki mstari. Zikikosa zinasimamisha makro, nawe unajua.

10. Makro inafuta kitu, halafu nikibandika inabandika kilichofutwa badala ya nilichonakili.

Kila `d`, `c`, `s` na `x` inaweka kilichofutwa kwenye rejista ya kawaida, ikifunika ulichonakili. Kuna njia mbili. Futa kuelekea shimo jeusi, yaani rejista `_` isiyohifadhi kitu: `"_dt;` badala ya `dt;`. Au bandika kutoka rejista sifuri, `"0p`, ambayo inashika kilichonakiliwa kwa `y` tu. Kwenye makro ndefu njia ya pili ni nyepesi, maana unakumbuka mara moja mahali pa kubandika.

11. `diw` inakata `ng'ombe` vipande viwili. Nifanyeje?

Vim haihesabu ritifaa kuwa sehemu ya neno. Kwake `ng'ombe` ni `ng`, `'` na `ombe`. Ndivyo ilivyo kwa `ng'ambo`, `kung'oa` na `ming'oko`. Makro iliyorekodiwa kwenye mstari wenye `mbuzi` itafanya kazi vizuri hadi ifike kwa ng'ombe. Andika:

`:set iskeyword+=39`

39 ni namba ya ritifaa. Baada ya hapo `w`, `diw` na `ciw` zitaliona neno zima. Unaweza pia kutumia `diW`, inayotambua nafasi tu, lakini itabeba na mkato au nukta iliyogusana na neno.

Maandishi yaliyotoka Word mara nyingi yana ritifaa iliyopinda (’), ambayo mpangilio huu hauigusi. Isawazishe kwanza kwa `:%s/’/'/g`. Na usitumie `di'` kwenye maandishi ya Kiswahili: itachukulia ritifaa ya `ng'` kuwa mwanzo wa nukuu.

## Kurudia

12. Sijui mistari imebaki mingapi. Niandike idadi gani?

Andika kubwa kuliko inayohitajika: `999@a`. Hatua yoyote ikishindwa, marudio yote yaliyobaki yanafutwa. `j` kwenye mstari wa mwisho inashindwa, na hapo ndipo `999@a` inasimama. Tahadhari ni mbili: mstari mtupu katikati utaisimamisha mapema (swali la 13), na makro isiyo na hatua inayoweza kushindwa haitasimama (swali la 14).

13. Nataka iendeshwe kwenye baadhi ya mistari tu, au iruke isiyohusika.

`:g/;/normal @a` inaiendesha kwenye kila mstari wenye nukta mkato, na kila mstari unahesabiwa peke yake: ukishindwa mmoja, wanaofuata hawaathiriki. Kwa mistari uliyoteua kwa `V` ni `:'<,'>normal @a`, na kwa faili zima `:%normal @a`. Kwa njia hizi kishale kinaanzia mwanzo wa mstari, na `j` ya mwisho wa makro haina madhara.

Kwa data chafu tumia `:g` siku zote. Idadi kama `999@a` inafaa pale unapotaka makro isimame kwenye kasoro ya kwanza ili uione kwa macho.

14. Makro yangu inafuta mistari, lakini inaruka mmoja kila mara. Au imekula mistari ya juu.

Kuruka kunasababishwa na `dd` inayofuatwa na `j`. Ukifuta mstari, wa chini yake unapanda, na kishale tayari kiko juu yake, `j` inaupita. Ondoa `j`.

Kula mistari ya juu ni balaa jingine. `dd` kwenye mstari wa mwisho haishindwi: inafuta, kishale kinapanda mstari wa juu, na marudio yanayofuata yanaendelea kufuta kwenda juu. `999@a` ya namna hii inamaliza faili. Makro inayofuta mistari ianze na kitu kinachoweza kukosa, kama `f;`, au tumia `:g` ambayo inaweka alama kwenye mistari yote kabla ya kuanza. `:%normal` haifai hapa, maana inafuata namba za mistari, na namba zinahama kila unapofuta.

15. Makro inaweza kujiita yenyewe?

Ndiyo. Kwanza safisha rejista: `qaq`. Kisha `qa`, fanya hatua zako, na kabla ya `q` ya mwisho andika `@a`. Wakati wa kurekodi, `@a` hiyo haifanyi kitu kwa sababu rejista ni tupu. Ndiyo maana ya kusafisha. Ukiruka hatua hiyo, makro ya zamani itaendeshwa katikati ya rekodi.

Itazunguka hadi hatua moja ishindwe. Kama unasogea kwa kutafuta (`/neno<Enter>`) na neno hilo linabaki kwenye faili, haitashindwa kamwe, kwa sababu utafutaji ukifika mwisho unaanza juu tena. Weka `:set nowrapscan` kwanza.

16. Naingizaje namba zinazoongezeka?

Andika `1. ` kwenye mstari, kisha `qayyp<C-a>q`: nakili mstari, bandika, ongeza moja. Baada ya hapo `8@a` inakufikisha 10.

Kama mistari ipo tayari, iteue, andika `:normal I0. ` (acha nafasi mwishoni), `<Enter>`, kisha `gv` na `g<C-a>`. Utapata 1, 2, 3 na kuendelea. Hii inahitaji Vim 8 au mpya zaidi.

Mitego iko mitatu. Ukiwa ndani ya programu ya `screen`, `<C-a>` inakamatwa na `screen` yenyewe. Bonyeza `<C-a>` kisha `a`. Kwenye mipangilio ya zamani, `007` ikiongezwa inakuwa `010` kwa sababu sifuri ya mbele inasomwa kama namba za msingi wa nane; andika `:set nrformats-=octal`. Na kwenye tarehe kama `2024-05-09`, kistari kinasomwa kama alama ya hasi: ukiongeza siku unapata 08. `:set nrformats+=unsigned` inatibu hilo kwenye Vim 9.

17. Naiendeshaje kwenye faili nyingi?

```
:args *.txt
:argdo execute "g/;/normal @a" | update
```

Usiandike `:argdo normal @a | update`. `normal` inameza kila kitu kilichobaki kwenye mstari, pamoja na `| update`, na kuvichukulia kuwa vitufe vya kubonyeza. `execute` inazuia hilo. Jaribu kwenye nakala za faili kwanza: `update` inahifadhi, na ukishafunga Vim huna cha kutengua.

## Kurekebisha na kutunza

18. Nimekosea katikati ya kurekodi. Nianze upya?

Kosa la kuandika ndani ya hali ya kuingiza lifute kwa Backspace na uendelee. Makro itakosea na kujisahihisha kila inapoendeshwa, hakuna hasara. Lakini usitumie `u`. Makro ikiendeshwa, mabadiliko yake yote yanahesabiwa kuwa badiliko moja, kwa hiyo `u` iliyomo ndani inaweza kutengua kila kitu makro ilichofanya hadi hapo. Ukihitaji `u`, bonyeza `q`, tengua, rekodi upya.

19. Nimesahau hatua ya mwisho.

Rekodi kwa herufi kubwa: `qA`, fanya hatua iliyosahaulika, `q`. Inaongezwa mwishoni mwa `a`. Kama kilichosahaulika ni `j` tu, `:let @a .= 'j'` ni fupi zaidi.

20. Naharirije makro bila kuirekodi upya?

Fungua mstari mtupu kwa `o<Esc>`, kisha `"ap`. Makro inaonekana kama maandishi ya kawaida. Rekebisha, kisha irudishe kwa `0"ay$` na ufute mstari huo kwa `"_dd`.

Watu wengi wanairudisha kwa `"ayy` na kushangaa makro inashuka mstari wa ziada. `yy` inabeba na alama ya mwisho wa mstari, ambayo ikiendeshwa ni sawa na kushuka. `y$` haiibebi.

Esc mpya ndani ya makro haiandikwi kwa `^` na `[`. Ni herufi moja: ukiwa hali ya kuingiza bonyeza `<C-v>` kisha `<Esc>`. Kwenye Windows, ambako mara nyingi `<C-v>` ni kubandika, tumia `<C-q>`.

21. Nikifunga Vim makro inapotea?

Kwa kawaida hapana. Rejista zinahifadhiwa kwenye faili la `viminfo` (Neovim inaliita `shada`), ilimradi kila moja isizidi mistari 50 au kilobaiti 10. Inapotea siku utakaporekodi kingine kwenye herufi ileile. Makro unayoihitaji kila wiki iweke kwenye `~/.vimrc`, faili la mipangilio yako ya Vim:

`let @p = "0f;dt;s - \<Esc>0gUlA/=\<Esc>j"`

Alama za kunukuu ziwe mbili. Ukitumia moja, `\<Esc>` itaandikwa herufi kwa herufi.

22. `:let` inaniletea kosa la E319.

Una Vim ndogo. Ubuntu na Debian mpya huja na `vim-tiny`, isiyo na `:let` wala `:execute`. Kurekodi kwa `q` kunafanya kazi humo. Weka kamili: `sudo apt install vim`.

## Inapogoma

23. Makro inasimama bila kusema kwa nini.

Hatua moja imeshindwa. Angalia kishale kilipo na mstari umebadilika kiasi gani, kisha linganisha na `:reg a`. Hatua ya kwanza isiyofanyika ndiyo iliyokwama. Zinazoongoza ni `f` au `t` iliyokosa herufi, utafutaji uliokosa neno, `l` mwisho wa mstari, na `h` mwanzo wa mstari. Kwa `:s` ndani ya makro, ongeza `e` mwishoni (`:s/,/;/e`) ili kukosa kusihesabiwe kuwa kosa.

24. Haisimami, au imeharibu faili.

`<C-c>` inaikatiza. Kisha `u` mara moja: hata `999@a` kwa kawaida inatenguliwa kwa `u` moja, kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la 18. Kama umekwishahifadhi lakini hujafunga Vim, `u` bado inafanya kazi. Hifadhi tena baada yake.

25. Kwenye kompyuta yangu ni sawa, kwa mwenzangu inatoa vitu vingine.

Rejista inabeba vitufe, haibebi mipangilio. Mwenzako akiwa ameipa `s` kazi nyingine kwenye `vimrc` yake, makro yako itafanya hiyo kazi nyingine. Programu jalizi inayofunga mabano yenyewe itaongeza mabano ya pili. `textwidth` itakata mstari unapoingiza maandishi marefu. `autoindent` itasukuma mistari mipya ndani, na kwenye faili la programu `o` chini ya maoni inaweza kuongeza alama ya maoni.

Njia ya haraka ya kujua: fungua faili kwa `vim --clean`, rekodi makro upya humo (hali hii haisomi `viminfo`) na uiendeshe. Ikifanya kazi, tatizo ni mipangilio. Vitufe vya mishale navyo viache. Tumia `h j k l` au, bora zaidi, `f` na `t`.

26. Faili lina mistari laki moja na inakwenda kwa mwendo wa kinyonga.

`:set lazyredraw` inazuia skrini kuchorwa upya kila hatua. Zima rangi kwa `:syntax off`. Halafu jiulize upya swali la 5: kwa ukubwa huo, `:%s` yenye ruwaza nzuri inaishinda makro kwa mbali. Mfano wa swali la 7 unafanyika hivi:

`:%s/^\([^;]*\);[^;]*;\(.*\)$/\u\1 - \2\/=/`

Ni ngumu kusoma, na kwa mistari thelathini haina haja.

27. Makro za Vim zina hatari kama zile za Word?

Word huweza kubeba makro ndani ya waraka wenyewe, na ndiyo maana tangu mwaka 2022 Microsoft inazizuia kwenye mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Rejista ya Vim haisafiri na faili. Hata hivyo makro inaweza kuwa na `:!`, inayoendesha amri ya mfumo kwa ruhusa zako zote. Ukipewa mstari wa `let @a = ...` na mtu usiyemfahamu, usome wote kabla ya `@a`, na utazame hasa kinachofuata baada ya nukta pacha.